Kisima cha Kaole pale makaburini: maji yanaponya kweli au tunapigwa kamba?

#1 Mzee wa Mapinga Road
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Juzi kati tulikuwa na msiba Bagamoyo, tulivyomaliza shughuli ndugu wakasema kabla hatujarudi Dar tupitie Kaole magofuni, si mbali, kama kilometa 5 tu toka mjini. Mi nikajua tunaenda kushangaa magofu, kumbe wenzangu wamebeba madumu na chupa tupu za maji, bi mkubwa mmoja ana kindoo chenye mfuniko kakifunika na khanga kabisa. Nauliza kulikoni, naambiwa we nyamaza utaona hukohuko.

Kwa wasiopajua: kuna misikiti miwili ya kale imebaki kuta, makaburi yameizunguka, mengine yana nguzo ndefu za mawe, kuna mbuyu mkubwa, na karibu na msikiti kuna kisima kidogo tu. Bahari iko pua na mdomo, mikoko unaiona, lakini maji ya kile kisima ni matamu. Wenyeji wanasema hakijawahi kukauka. Kijana anayetembeza wageni akatuambia unanawa uso mara tatu huku unanuia la moyoni.

Shangazi yangu macho yanamuwasha mwaka mzima na tongotongo kila asubuhi. Kanawa, kajaza chupa, na hivi ninavyoandika anasema macho yamekuwa mepesi. Mjomba anasema hamna lolote, ni vile katoka kwenye moshi wa kuni za msibani. Familia imegawanyika huku, kila mtu na lake.

Swali: hayo maji yana historia gani? Ni kisima cha kutawadhia tu au kuna kitu? Na hilo kaburi la Sharifa wanalolitaja linaingiaje hapo?

#2 Kobe Mwendokasi
Siti ya mbele, kahawa mkononi.

#3 Binti wa Dunda
Nimezaliwa Bagamoyo mjini, nimekulia hadithi hizi. Bibi yangu alikuwa haongei habari za Kaole bila kushusha sauti. Kwake yeye Sharifa alikuwa binti wa masharifu (ukoo wa Mtume), hajaolewa, mchamungu, mtu akiumwa anaenda kwake anamsomea anapona. Alivyokufa watu wakaendelea kwenda, sasa wanaenda kaburini. Ukifika pale leo unakuta ubani, vitambaa, wengine wanaacha hela. Maji ya kisimani bibi aliyachukulia kama maji yake Sharifa, alichota humo alivyokuwa hai.

Ila shangazi upande wa baba ana version nyingine kabisa, kwamba Sharifa alikuja na jahazi, akafia njiani akazikwa pale, hajawahi kuishi Kaole hata siku moja. Sasa kama hajaishi pale hicho kisima alichota saa ngapi? Nilishawahi kumuuliza, nikajibiwa na kandambili.

#4 Chumvi ya Mawe
#1 mkuu hiyo ni chai ya waongoza watalii. Mzungu akinawa mara tatu lazima atoe tip. Ungeambiwa unawe bure bila kunuia ungetoa hela?

#5 Ustadh Mpole
Assalaam alaykum. Tuweke mambo sawa. Msikiti wowote wa pwani ya zamani lazima uwe na maji ya kutawadhia, kwahiyo kisima kuwepo pale karibu na msikiti halina muujiza wowote, ni hitaji la swala. Kuzuru makaburi kunaruhusiwa ili ukumbuke mauti na uwaombee waliolala humo. Lakini kumuomba aliyelala, au kuamini maji ya kaburini yanaponya kwa nguvu zake, hapo ndugu yangu unacheza na shirki. Shangazi aende hospitali ya macho, na amuombe Mwenyezi Mungu moja kwa moja.

#6 Mtoto wa Zawiya
Ustadh #5 nakuheshimu ila umekimbia mbio. Hamna aliyesema anamuomba Sharifa. Wazee wetu wanatabaruku, wanamuomba Mungu mahali palipoombewa sana. Hata wewe ukitoka Hijja unabeba dumu la Zamzam unagawa mtaa mzima kila mtu kifuniko kimoja, mbona huko husemi shirki?

#7 Ustadh Mpole
Zamzam ina dalili katika hadithi za Mtume. Kaole ina dalili gani? Ya kijana wa tiketi?

#8 Kobe Mwendokasi
Kahawa imeisha, naongeza.

#9 Fundi Visima
Mi kazi yangu ni kuchimba visima, Kigamboni mpaka huko Kiromo nimeshachimba, ngoja niwape elimu bure kabla hamjapigana.

Maji matamu karibu na bahari sio ajabu hata kidogo. Mvua ikinyesha inazama kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwahiyo yakishuka chini hayachanganyiki ovyo, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Na hesabu yake inajulikana, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji matamu kabla hujaikuta chumvi. Sasa kisima kifupi kinachotekwa kwa ndoo na kata kinachukua pale juu tu, kila mvua kinajazwa, hakikauki na wala hakipati chumvi. Wazee hawakuwa na mashine ila walijua kuishia wapi.

Ujinga tunafanya sisi. Mtu ana kiwanja karibu na bahari anataka kisima kirefu, namwambia tuishie hapa, yeye anasema endelea fundi mi ndo nalipa. Anafunga pampu, anavuta usiku na mchana anauzia jirani, baada ya muda sabuni haitoi povu, chai ina chumvi, bomba la bafuni lina ukoko mweupe. Alafu anakuja kusema fundi umenipa kisima kibovu. Huyo mteja simtaji ila akisoma hapa anajijua.

#10 Binti wa Dunda
#9 kaka umeeleza vizuri mno, asante. Lakini umejibu kwanini ni matamu, hujajibu kwanini watu wanapona.

#11 Fundi Visima
Mi dada nachimba, siponyi.

#12 Chumvi ya Mawe
🤣🤣 uzi ufungwe

#13 Kumbukumbu za Pwani
Nirekebishe mambo machache maana naona watu wanaruka na "Waarabu walijenga" kule facebook uzi huu ulipopelekwa.

Kaole ilikuwa mji kabla Bagamoyo haijawa kitu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958. Msikiti wa zamani zaidi unawekwa karne ya 13, ule mwingine ulijengwa baadaye, ingawa miaka hiyo wataalamu bado wanavutana kidogo. Sio mji wa wageni waliotua na mawe yao, ni mji wa pwani kama Kilwa, Kunduchi na Tongoni, wenyeji Waislamu wanaofanya biashara na dunia, ndio maana unakuta vipande vya vyombo vya China. Baadaye mikoko na tope vikaziba bandari, vyombo vikahamia Bagamoyo, mji ukabaki kijiji. Hata hivyo wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walivyoanza safari yao ya kwenda maziwa makuu mwaka 1857 walianzia pande hizohizo za Kaole, na walikuta askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar wamekaa pale.

Yale makaburi mengi wenyeji wanayataja kuwa ya madiwani (watawala wa mji wa zamani) wa Kishomvi. Washomvi wenyewe wanajitaja asili yao Barawa, huko Somalia ya leo. Kwahiyo hadithi ya Sharifa kuja na jahazi (#3) sio lazima iwe uongo, ni namna watu wa mji ule walivyokuwa wakisimulia mambo yao: kila mtu mkubwa alitoka baharini.

#14 Mkwere Halisi
Nyie watu wa vitabu mna tabia ya kuanzia hadithi pale msikiti ulipojengwa. Kabla ya msikiti hapakuwa na watu? Sisi Wakwere na ndugu zetu Wazaramo mahali penye maji yasiyokauka na mti mkubwa ni mahali pa kutambikia, tangu na tangu. Babu akiota ndoto mbaya anaenda na unga na kuku, anasema maneno yake, anarudi. Dini ikaja ikakuta pameshakuwa patakatifu ikajenga hapohapo. Sharifa ni jina jipya kwa mzimu wa zamani, msinipige mawe.

#15 Ustadh Mpole
Hatukupigi mawe ila umenisaidia hoja yangu.

#16 Mkwere Halisi
Na nimesaidia yangu pia. Tugawane.

#17 Muhonda wa Lukuledi
#14 yupo sahihi kuhusu maji. Kusini kwetu hamjasahau Ngarambe? Kinjikitile Ngwale mwaka 1904 alizama kwenye maji ya mto, ndugu wanalia wanajua kafa, kesho yake katoka nguo kavu. Watu wakaanza kumiminika toka mbali kufuata maji ya dawa, yanachanganywa na mbono na mtama, unapakwa, unanyunyiziwa, unakunywa. Mwanzoni watu walifuata afya na mavuno na kuongea na wafu wao, habari ya risasi kugeuka maji ikakolea baadaye. Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Mohoro. Kwahiyo nchi hii maji kuponya sio habari ya watalii wala ya masharifu peke yake, tuliwahi kuingia nayo vitani, ile Vita ya Maji Maji.

#18 Chumvi ya Mawe
Na ilikwendaje hiyo vita mkuu?

#19 Muhonda wa Lukuledi
Acha dharau. Kijijini kwetu kuna koo hazikurudi.

#20 Chumvi ya Mawe
Sawa mkuu. Hilo la koo sikutanii.

#21 Samunge Express
Mnaongea maji ya 1905 wakati sisi 2011 tulipanda lori kwenda Loliondo 😂 kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, shilingi 500, kijiji cha Samunge, foleni ya magari huwezi kuona mwisho. Mi nilimpeleka mama na kisukari. Tulilala barabarani, mama ananiambia washa redio tusinzie, redio yenyewe inaongelea foleni tuliyomo. Alikunywa, akarudi kachangamka, akala ugali kama kijana. Baadaye sukari ikarudi palepale. Lakini mpaka leo ukimuuliza anasema Babu alimponya, iliyorudi ni nyingine.

#22 Kobe Mwendokasi
"Iliyorudi ni nyingine" naomba niweke kwenye signature.

#23 Nesi wa Zamu ya Usiku
Habari zenu. Mimi sio daktari bingwa ila nimefanya kazi na watu wa macho. Niongelee shangazi wa #1.

Kuna ugonjwa wa vikope, wengine wanauita trakoma. Unaenea kwa mikono, vitambaa vya uso na nzi wanaofuata uchafu wa machoni. Watoto na akina mama ndio wanaupata sana. Utafiti wa siku nyingi umefanyika Kongwa, Dodoma. Kati ya mambo manne yanayopendekezwa kupambana nao, moja ni kunawa uso tu. Maji na uso safi, basi. Mengine ni dawa, upasuaji wa kope zilizojikunja na usafi wa mazingira. Sasa fikirini, mtu ana macho machafu, anaambiwa kuna kisima kitakatifu, anaosha uso vizuri kwa mara ya kwanza kwa makini, tena mara tatu, tena anarudia nyumbani kila asubuhi na maji ya chupa. Atapata nafuu jamani, hata kama maji yangetoka bombani. Simwambii shangazi ana vikope, sijamuona, inaweza kuwa aleji au moshi kama anavyosema mjomba. Aende akapimwe.

Ila naomba sana, maji yakikaa kwenye chupa siku nyingi msiyatie machoni. Na msiyanywe bila kuchemsha. Kisima kiko wazi, kipo kati ya makaburi na miti, ndoo ya kila mtu inaingia, na pwani yetu tunaijua kipindupindu.

#24 Mzee wa Mapinga Road
#23 asante dada nesi nimemsomea. Kasema "mwambie huyo nesi hata hospitali walinipa matone na hayakusaidia". Ni kweli, hospitali moja (sitaji) walimpa matone, tulivyofika nyumbani tukakuta yameisha muda wake. Kwahiyo imani ya shangazi kwa kisima ina sababu zake.

#25 Mtoto wa Zawiya
Hapo ndipo mnapokosea nyie wa sayansi. Mnauliza maji yana nini. Muulizeni mtu alipewa nini alipokwenda kwingine.

#26 Bongo Oxford
Nasoma huu uzi nipo Uingereza nacheka, maana nina kisima kama hichohicho, na ni makaburini pia ila ya kanisa.

Nje kidogo ya Oxford kuna kijiji kinaitwa Binsey, nyumba chache tu, unavuka mto Thames, unapita baa ya zamani, unafuata njia ya mashambani mpaka kanisa dogo la Mtakatifu Margaret limekaa peke yake kwenye miti. Kwenye makaburi yake, upande wa magharibi wa kanisa, kuna kisima kidogo, unashuka ngazi za mawe, juu kuna jiwe lililoandikwa Kilatini. Hadithi yake: Frideswide alikuwa binti wa kifalme, ameapa haolewi, anamtumikia Mungu. Mtawala mmoja jina lake Algar akamtaka kwa nguvu, akamfukuza mpaka Oxford, alipokaribia kumkamata akapofuka papo hapo. Binti akamuonea huruma, akaomba, maji yakabubujika, jamaa akanawa, akaona. Frideswide anasemekana kafariki mwaka 727 na ndiye mtakatifu mlezi wa Oxford mpaka leo. Na inasimuliwa wafalme wa Uingereza kwa muda mrefu waliogopa kuingia Oxford wasije wakapofuka kama mwenzao.

Watu walihiji pale miaka mingi. Kaburi lake mjini lilivunjwa 1538 enzi za Henry wa 8 lakini kisima cha Binsey kikabaki, mchungaji wa pale akakikarabati 1874. Ukienda sasa hivi unakuta maji kidogo yamejaa majani, na watu wameacha maua, mishumaa, vikaratasi vya maombi. Waingereza hawahawa wanaotuita washirikina.

Angalia sasa: binti asiyeolewa, mchamungu, macho, maji, makaburi. Mkitoa majina mtajuaje ni Binsey au Kaole?

#27 Binti wa Dunda
#26 nimesisimka mwili. Hata lile la kutokuolewa!!

#28 Kumbukumbu za Pwani
Inavutia lakini tusikimbilie kusema ni kitu kimoja. Binsey hadithi inaanza na mtu kupofushwa, ni adhabu alafu huruma. Kaole kwenye simulizi za hapa juu hamna adhabu kabisa, Sharifa anasaidia tu. Na Binsey kisima kinatokea kwa maombi, Kaole hamna aliyesema hapa kwamba Sharifa alikitoa ardhini. Au kuna aliyesikia?

#29 Mkwere Halisi
Kwetu adhabu ipo. Ukichota ukiwa umenuna au umegombana na mwenzio, maji yanakataa. Nimeambiwa na wazee, sijajaribu maana mi huwa nimenuna muda wote.

#30 Nesi wa Zamu ya Usiku
Suala la macho kujirudia Oxford na Kaole mi linanipa nguvu kwenye #23. Jicho ndilo kiungo ambacho maji peke yake yanaweza kukisaidia kweli. Hamna kisima kinachosifiwa kuunga mguu.

#31 Bongo Oxford
Dada nesi pole, simulizi za Binsey zinasema waliopona walikuwa wanaacha magongo yao kanisani 😅

#32 Nesi wa Zamu ya Usiku
Basi nimenyamaza, naenda kuwapa watu dawa wodini.

#33 Mgiriama wa Gede
Vipi ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Malindi, hapa tuna magofu ya Gede. Msikiti mkuu una kisima chake na mfereji wa kutawadhia, makaburi yapo, moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria ambayo ni 1399. Wazee wetu wanasema pale kuna majini, ukichukua hata kijiwe unarudishiwa kikakusumbua nyumbani.

Lakini nataka kumjibu fundi #9. Hesabu yako nzuri ila Gede visima vilishuka. Mojawapo ya sababu wanazotaja watu kuhusu mji kuhamwa karne ya 17 ni maji kuwa mbali, visima ikabidi vichimbwe zaidi. Wengine wanasema ni vita vya Wagalla (Waoromo), wengine Wareno walivuruga biashara. Sasa kama mvua inajaza kila mwaka, Gede kwanini ikauke na Kaole isikauke?

#34 Fundi Visima
#33 swali zuri kaka. Inategemea umbali toka bahari, mwinuko wa ardhi, aina ya mwamba, na watu wangapi wanachota. Gede ilikuwa mji mkubwa ndani ya ukuta, Kaole sasa hivi wanachota shangazi wachache na madumu. Laiti mji ungerudi pale na pampu zake ungeona kama Sharifa angehimili.

#35 Mtoto wa Zawiya
Tumuombe radhi Sharifa kwa niaba ya fundi.

#36 Mlevi wa Kahawa Tanga
Tongoni pia msisahau. Kusini ya Tanga kama kilometa 17, makaburi kama 40 yenye nguzo, nyingi zimeanguka. Da Gama na watu wake walichomea meli yao moja, São Rafael, pande zile 1499 baada ya mabaharia kupukutika. Watu wanaenda kuomba pale, wanafukiza ubani, akina mama wanaotafuta watoto hasa. Kisima chenye sifa kama cha Kaole mi sijasikia pale. Ndio maana sikubaliani kwamba maji ndio chanzo. Chanzo ni makaburi. Maji ni kitu cha kubebea baraka nyumbani, maana kaburi huwezi kulitia kwenye dumu.

#37 Binti wa Dunda
#36 hiyo ya mwisho imenifikirisha kuliko yote humu.

#38 Chumvi ya Mawe
Kampala pia wanabeba. Nilikuwa Namugongo tarehe 3 Juni mwaka mmoja, kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda waliochomwa 1886, pale kuna kiziwa, watu wanachota na vidumu vidogo vya njano vinauzwa palepale. Nilichota na mimi. Msiniulize kwanini.

#39 Mtoto wa Zawiya
Aliyesema #4 ni chai ya waongoza watalii yuko wapi? 👀

#40 Chumvi ya Mawe
Nilikuwa na kiu.

#41 Mnyororo wa Punda
Nimechelewa ila na ule mbuyu je? Mbona hamuuongelei? Si ndio ule wenye mnyororo wa watumwa umemezwa na gome, ukiuzunguka unaongezewa miaka? Mi naona nguvu yote inatoka pale, kisima kinakunywa mizizi yake.

#42 Kumbukumbu za Pwani
#41 umechanganya mibuyu miwili. Wa kuzunguka ili uongeze miaka ni wa Kaole. Wenye mnyororo uko Misheni ya Wakatoliki, Bagamoyo mjini, ulipandwa na mapadri wa Roho Mtakatifu walivyofika 1868. Na mnyororo sio wa watumwa, unatajwa kuwa wa Madame Chevalier aliyekuwa anafungia punda wake, mti ukakua ukaumeza. Jina lako lenyewe linajua ukweli kuliko bandiko lako.

Palepale Misheni ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na makaburi ya wamisionari wa mwanzo yapo, wengi walikufa vijana kwa homa. Hao walikaa kilometa chache toka kisima cha Kaole.

#43 Mkwere Halisi
Hawakuomba ruhusa kwa wenyeji.

#44 Bongo Oxford
Huo mbuyu unazungukwa kushoto au kulia? Nakuja Desemba.

#45 Binti wa Dunda
Mi niliambiwa kinyume cha saa.

#46 Mzee wa Mapinga Road
Sisi tulizunguka kulia wote!! Kijana hakutwambia kitu.

#47 Kobe Mwendokasi
Mmepunguziwa. Poleni.

#48 Samunge Express
Shangazi anawe tena upesi 😂😂

#49 Fundi Visima
Nina mashine ndogo ya kupima chumvi kwenye maji, naitumbukiza tu inasoma. Nikipita Bagamoyo nitapima cha Kaole na cha nyumba za jirani nitaweka hapa. Kama kinafanana na cha jirani, mtasemaje?

#50 Mtoto wa Zawiya
Tutasema jirani naye ana baraka.

#51 Chumvi ya Mawe
Na kama kina chumvi nyingi?

#52 Mkwere Halisi
Fundi alikuwa amenuna.

#53 Msomaji Kimya
Samahani naingilia. Toka kituo cha Makumbusho, Dar, kuna daladala za moja kwa moja Bagamoyo? Na Kaole nafikaje na mtoto, ana ukurutu umetusumbua.

#54 Binti wa Dunda
#53 zipo za Bagamoyo moja kwa moja, ukishuka mjini chukua bajaji ndio nzuri ukiwa na mtoto, bodaboda hapana. Nenda asubuhi kabla jua halijakaza, vaa cha kujistiri, kuna kiingilio beba hela ndogondogo. Mtoto usimnyweshe yale maji.

#55 Nesi wa Zamu ya Usiku
#53 mama nitumie meseji pembeni kuhusu ukurutu. Kwenda nenda tu, ila kwanza tuongee anaogea sabuni gani.

#56 Ustadh Mpole
Na umsomee Fatiha mwenyewe, huhitaji kisima.

#57 Mtoto wa Zawiya
Ustadh la Zamzam hujalimaliza. Nasubiri toka juzi.